Nilivyowatia Alama Watu Wangu

Mke wangu alinihama, akaondoka na mtoto wetu, miaka miwili na kidogo baada ya baba yangu kufa, na haki ilikuwa yake. Nalisema hilo mwanzo kabisa, ili mtu asije akasoma hadi katikati akaanza kunionea huruma, halafu mwishoni akajikuta amemuonea mwenzangu. Nina madaftari manne ya miaka ile. Shule niliishia darasa la nne, nikaongezewa kidogo na elimu ya watu wazima, kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Daftari moja mende wamelila kona. Pale ambapo daftari linasema hivi na kichwa changu kinasema vile, nitaeleza yote mawili.

Nilikuwa dobi. Tulipanga chumba katika nyumba ya vyumba sita Kariakoo, mtaa wa pili kutoka sokoni, na kibaraza cha mbele nilipewa kwa kazi. Nilikuwa na meza ya kupigia pasi, pasi mbili za mkaa, karai la wanga, na kamba za kuanikia uani ambazo kila siku zilinigombanisha na wanawake wa nyumba. Wateja wangu walikuwa makarani wa maofisi ya Posta, walimu, na wenye maduka wachache.

Watu hudhani udobi ni kufua. Kufua kila mtu anajua. Kazi yenyewe ni kutochanganya. Mashati meupe ya makarani yanafanana kama mayai, na ukimpa mtu shati la mwenzake hata mara moja, mtaa mzima utasema unavaa nguo za wateja. Kwa hiyo kila nguo inayoingia inatiwa alama ndani ya kola: mishono miwili ya uzi mwekundu ni mtu fulani, msalaba wa uzi wa buluu ni mwingine. Nguo nzito, mashuka na suruali za kazi, zinatiwa nukta za wino usiotoka. Ukishatia alama huna haja tena ya kuikumbuka nguo. Unageuza kola, unaona, unaamini. Niliamini hivyo miaka kumi bila kufikiri kwamba ninaamini.

Baba alikufa ghafla, asubuhi, akiwa anavaa viatu. Alikuwa akikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Sisi ni Wazaramo, na watani wetu ni Wanyamwezi. Mtani ana ruhusa ya kukutukana na kukunyang'anya kofia, nawe huna ruhusa ya kukasirika; na kwenye msiba ni wajibu wake kukivunja kilio. Mtani wa baba alikuwa mzee mmoja aliyewahi kuwa mchukuzi bandarini. Walikuwa wametukanana miaka thelathini, na sijaona watu wawili waliopendana kama wale.

Siku ya tatu ya matanga tumekaa chini ya turubai, kisomo kimekwisha, watu wanasubiri chai. Mlango wa chumba cha baba ukafunguka, baba akatoka. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo macho yangu yalivyosema kwanza. Koti la kijivu, ambalo mimi mwenyewe nililipiga pasi juma lililotangulia. Kofia imeinamishwa upande wa kulia. Mguu wa kushoto unaburuzwa. Akakohoa, mara mbili fupi na moja ndefu.

"Nani kawaambia nimekufa?" akasema. "Mimi nilikuwa chooni. Nimetoka nakuta mnakula mchele wangu."

Watu wakacheka. Shangazi zangu walicheka huku wanafuta machozi na ncha za khanga. Akamtukana huyu, akamdai yule kiti chake, kisha akaja kusimama mbele yangu, akanitazama kola.

"Na wewe dobi. Kola imekaa kama sikio la mbuzi. Hiyo ndiyo kazi niliyokusomeshea?"

Maneno hayo baba alikuwa akiniambia kila Ijumaa akienda msikitini, pale kibarazani kwangu, tukiwa wawili tu. Sauti ilikuwa ileile. Nilicheka kwa meno. Wakampa mzee sigara na sarafu ili akubali kulivua lile koti, akalivua, akawa tena Mnyamwezi mwembamba mwenye fulana iliyotoboka, na chai ikaja. Msiba uliendelea vizuri. Mtani aliifanya kazi yake sawasawa, sina lawama naye, na kama isingekuwa yeye ingekuwa kitu kingine.

Lakini kuna kitu kiliteleza. Nilikaa na kikombe mkononi nikiwaza: kama huyu ameweza kuwa baba mpaka mimi mtoto wake nikaamini kwa muda wa pumzi tatu, basi kuwa baba ni jambo linalovalika. Na kama linavalika, yule tuliyemzika alikuwa nani, na nani alikuwa amelivaa kabla yake?

Najua ni mawazo ya kijinga. Nilijua hata wakati ule, na hilo ndilo watu hawakunielewa baadaye. Sikuwa nasikia sauti wala sikuona majini. Niliwajua watu wote kwa majina yao na kazi nilifanya bila kosa. Ila swali lilikuja kama kwikwi. Unabana pumzi, linatulia, unasahau, halafu linakuja tena ukiwa na tonge mdomoni: na kama haya yote yamepangwa tu?

Baada ya juma moja nikaenda kumuuliza mtani mwenyewe. Nilimkuta amekaa kizingitini anakata kucha.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mtumwa wangu. Nazi ziko wapi? Mzaramo anakuja mikono mitupu siku hizi?"

"Nimekuja kuuliza. Ile ya sikio la mbuzi, uliijuaje? Alikuwa ananiambia mimi peke yangu."

Akaweka wembe chini. "Akitoka kwako alikuwa anapita hapa. Kila Ijumaa. 'Leo nimemwambia dobi wangu hivi, amenuna.' Anacheka mpaka anakohoa. Alikuwa anajivunia pasi yako, yule mshenzi, ila kwa mdomo wake usingemsikia."

"Na kikohozi?"

"Miaka thelathini namsikia akikohoa, unataka nikikosee?" Akanitazama kidogo. "Ningetangulia kufa mimi, angevaa koti langu yeye. Tulishapatana. Ingawa mwendo wangu asingeuweza. Nyie mnajua ngoma tu."

Ni jibu zuri. Mpaka leo sijapata zuri kuliko hilo. Niliondoka pale mwepesi kama niliyetua furushi. Nikafika kwenye kona, penye duka la vyombo, na swali likanisubiri hapo: na kama ameambiwa aseme hivyo?

Hapo ndipo nilipaswa kuelewa, na sikuelewa, kwamba majibu hayakuwa dawa yake. Lile swali lilikuwa linayala, linanenepa.

Miaka ile nayo haikunisaidia, ingawa siilaumu. Alipokuwa anakuja mgeni mkubwa wa serikali, tulipaka nyumba chokaa, sote, balozi wa nyumba kumi akipita na ndoo. Tulipaka ukuta wa mbele tu, ule utakaoonekana kutoka kwenye gari. Nilisimama pembeni ya nyumba yetu nikatazama mstari pale weupe ulipoishia na udongo ulipoanzia, umenyooka kama umekatwa na kisu. Sisemi tulikuwa tunamdanganya mgeni. Hata wewe akija mtu kwako unatandika shuka safi juu ya godoro unalolijua mwenyewe. Lakini kichwa changu kilikuwa kinatafuta ushahidi, na huo hapo, rangi ya upande mmoja. Tangu siku hiyo nikawa napita nyuma ya nyumba za watu kuangalia.

Halafu foleni. Sukari ikitangazwa kwenye duka la ushirika, hakuna aliyeweza kusimama siku nzima, kwa hiyo watu waliweka mawe. Jiwe lako, au kikapu, au tofali lililovunjika, linakaa kwenye mstari nawe unakwenda zako, na kila mtu anaheshimu. Mstari ukisogea, aliyepo anayasogeza mawe ya majirani kwa mguu. Wengine walitaniana hapo: "Mama, jiwe lako limenisukuma." Mimi nilikuwa nasimama mwenyewe, bila jiwe, nikiyatazama. Nikawaza, kama jiwe linatosha kuwa mtu pale ambapo mtu hayupo, nani aniambie kwamba sisi tuliosimama hatukuwekwa na watu waliokwenda zao? Nilimweleza karani mmoja mteja wangu, kwa mzaha, nione atasemaje. Akasema, "Wewe unahitaji likizo." Alikuwa mtu mwema, na sikumwambia tena. Kwenye mawaidha ya msiba kila mara walisema dunia hadaa. Watu waliitikia, wakala pilau, wakaenda makwao wakalala usingizi. Mimi maneno hayo yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mke wangu ni mtu wa kusini, kwao kwenye mikorosho. Ni mtu wa maneno machache na kicheko kirefu. Tulikuwa na binti mmoja, wakati baba anakufa alikuwa ndiyo kwanza anasimama dede. Naandika hili ili ijulikane kilichokuwa mikononi mwangu. Sikuwa nimepungukiwa. Nilikuwa na mke aliyenipenda na mtoto aliyekuwa akinisubiri nimalize pasi ya mwisho ili apande mgongoni.

Nilianza na khanga zake. Ndani ya pindo, mahali pasipoonekana, nikashona mishono mitatu ya uzi wa manjano, rangi ambayo sikumpa mteja yeyote. Asubuhi alipotoka kwenda sokoni niliiona ile khanga, na aliporudi, wakati anaikunja, niligeuza pindo. Mishono mitatu. Basi ni yeye. Raha niliyoipata siwezi kuieleza. Ni kama kunywa maji. Nikafanya hivyo khanga zote, kisha magauni ya mtoto, kisha mto, na kipini cha mwiko nikakichonga mkato. Kwenye daftari nikaandika: leo yote yamekutwa sawa. Kesho yake tena. Baada ya miezi michache nilikuwa natumia saa nzima kila asubuhi kuhakikisha nyumba yangu, na wateja wanasubiri.

Wanawake wa nyumba ndio walioziona. Uani nguo zinafuliwa pamoja. Siku moja nimetoka na ndoo, nakuta kicheko. Mpangaji wa chumba cha kona, mama mmoja mwenye ulimi, ameishika khanga ya mke wangu imegeuzwa.

"Shemeji," akaniambia, "kumbe mkeo umempokea kwa kufua tu? Mwenyewe anakuja lini kumchukua?"

"Labda hajalipa," akasema mwingine.

Wakacheka. Mke wangu naye alicheka, ila aliipokea ile khanga akaingia nayo ndani, na mimi nikamfuata.

"Hii ya nini?" akaniuliza.

Ningeweza kusema ni ili zisichanganyike na za wapangaji. Lingekuwa jambo la maana na angeridhika. Nikamweleza kweli yote, toka koti mpaka mawe. Alisikiliza amekaa kitandani, mtoto amelala mapajani. Mwanzo alitabasamu, kisha akaacha.

"Kwa hiyo sasa hivi mimi ni nani?"

"Ni wewe."

"Una hakika?"

Nilichelewa kujibu. Daftari linasema nilichelewa kidogo. Yeye alikuja kusema baadaye kwamba nilichelewa kiasi cha mtu kumeza tonge, na ninamwamini yeye kuliko daftari, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anasubiri.

Hakugomba. Alinipeleka kwa shehe mmoja mzee, mwalimu wa chuo cha Kurani mtaani. Shehe akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wasomi wengi hawalifanyi, kisha akasema, "Huo ni wasiwasi. Nimewaona wa udhu. Mtu anaosha mkono, anajiuliza kama umelowa, anaosha tena, anaosha tena, mpaka wakati wa sala unampita na maji ya pipa yamekwisha. Mkono ulilowa mara ya kwanza. Dawa yake ni moja. Likija, usilijibu. Usigombane nalo wala usilifukuze. Sali na shaka yako."

"Na kama shaka ni ya kweli?"

"Hilo nalo ni lilelile limevaa kanzu nyingine," akasema. "Usilijibu."

Nilirudi nimeahidi. Nilifumua nyuzi zote za manjano mbele ya mke wangu, yeye akizishika pindo. Aliniambia, "Ukiniona si mimi, niambie, tucheke wote. Lakini usinipekue nguo." Tulikaa vizuri, nadhani miezi minne. Daftari lina kurasa nyingi tupu hapo.

Sasa nieleze habari ya wino. Ule wino wa nukta ulitokana na kokwa nyeusi zilizokuwa zikiletwa kutoka Bara Hindi. Niliujua kwa dobi mzee wa Kihindi wa kule Upanga aliyenifundisha kazi. Miaka hiyo vitu vya nje vilikuwa vimekatika, na kokwa nazo zikakatika. Shangazi wa mke wangu, aliyekuwa akikaa Buguruni, alikuwa akiletewa korosho mbichi kutoka kusini, na siku moja nikaona utomvu wa maganda yake ulivyotia doa kwenye gunia, doa jeusi lisilotoka kwa sabuni wala jua. Nikajaribu. Nilichoma ganda kwa msumari wa moto, nikakinga mafuta yanayotoka, nikachanganya na masizi ya taa. Ukawa wino mzuri kuliko wa Kihindi. Nilijivunia, kwa sababu tulikuwa tukiambiwa tujitegemee, na mimi nimejitegemea.

Mke wangu aliniambia tangu siku ya kwanza: "Hayo mafuta angalia, yanababua. Kwetu mtu anayebangua korosho mikono inachubuka yote." Nilimsikia. Lakini vidole vyangu vilikuwa vimekomaa kwa soda ya kufulia na pasi, havikupata kitu zaidi ya kubadilika rangi, na nikaona watu wa kusini wanakuza mambo.

Lile swali liliporudi lilimrudia mtoto. Sijui kwa nini. Alikuwa na miaka mitatu sasa, anakua haraka, kila juma ana neno jipya, na asubuhi nyingine akiamka uso umebadilika kidogo kama wa watoto wote. Nilikuwa namtazama akila uji, nawaza kwamba huyu si wa jana. Nyuzi hazikufaa tena. Nguo huvuliwa, nguo huvalishwa mwingine; nilijua hilo kuliko mtu yeyote, nilikuwa nimeliona koti. Alama ikae kwa mtu mwenyewe.

Ilikuwa saa tisa ya mchana. Mke wangu alikuwa kwenye foleni ya sabuni, ambayo kwa kweli alikuwa ananipangia mimi. Mtoto alikuwa amelala ubavu. Nilichukua kijiti cha kiberiti, nikakichovya kwenye wino, nikaweka nukta nyuma ya sikio lake la kushoto, ndogo kama punje ya ufuta. Alitikisa kichwa kama anayefukuza nzi. Hakuamka.

Nisidanganye kwenye hili: siku mbili zilizofuata nilikuwa na furaha. Niliinua nywele zake kidogo, nukta ilikuwepo, na dunia nzima ikawa ya kweli mpaka upeo wake. Nilipiga pasi nikiimba. Mke wangu alifikiri nimepona, akanikaangia samaki.

Siku ya tatu mtoto aliamka analia, sikio limevimba, nyuma yake malengelenge yamepasuka, na uvimbe umeshuka mpaka jicho likafumba. Mke wangu alimbeba karibu na mlango penye mwanga, akamgeuza kichwa. Hakuhitaji daktari.

"Hii korosho," akasema. "Nani kamshika mtoto na korosho?"

Alikuwa ananiuliza kama unavyomuuliza mwenzako, si kama mshitakiwa. Ningesema nimemgusa na mikono ya kazi, kwa bahati mbaya, lingeishia hapo. Nikasema, "Nimemtia alama." Watu wawili watatu wameniambia baadaye kwamba angalau nilikuwa mkweli. Sistahili sifa hiyo. Nilipokuwa nasema, nilikuwa namwangalia usoni kuona kama atafanya atakachofanya mke wa kweli. Hata pale. Mtoto wangu analia mikononi mwake na mimi napima.

Alinitazama. Nadhani aliliona hilo, ingawa hakuwahi kulitaja. Akamfunga mtoto mgongoni, wakaenda hospitali bila mimi, na wakitoka hospitali hawakurudi nyumbani. Walikwenda Buguruni.

Balozi wa nyumba kumi aliita kikao kibarazani kwangu, kati ya mashati ya watu. Alikuwa mtu wa haki, mfanyakazi wa reli, na alikuja na daftari lake.

"Ndugu, ulimpiga mkeo?"

"Hapana."

"Unalewa?"

"Sinywi."

"Una mwanamke mwingine?"

"Sina."

Akakuna kichwa kwa kalamu. "Sasa kosa niliandike vipi?"

Shangazi wa mke wangu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye pumu, aliyenipenda siku zote. Akasema, "Andika kwamba amemtia mtoto wa mtu alama kama shuka."

Balozi aliandika hivyo hivyo. Niliona ni sawa. Ikaamuliwa wakae Buguruni, mimi niende kila Jumapili, nikae nao uani, na shangazi awepo. Mke wangu aliulizwa kama ana la kusema. Alisema, "Sina ugomvi naye. Nimechoka kuwa mtuhumiwa."

Nilikwenda Jumapili zote, kwa miguu. Mwanzo mtoto alikuwa akiniona anaweka kiganja juu ya sikio. Hakuna aliyemfundisha. Baadaye akaacha, akaanza kunionyesha kuku wa shangazi mmoja mmoja, nami nikajizuia nisiwahesabu. Kidonda kilipona kikaacha doa lililokunjamana. Sikuliangalia. Nilijitahidi nisiwe mtu wa kuliangalia.

Mwaka ule niliokaa peke yangu ndio niliomwelewa shehe. Swali lilikuwa linakuja nami napiga pasi. Naliacha limesimama pale mlangoni kama mteja ambaye nguo zake haziko kwangu. Likikosa cha kula linakaa kidogo, linaondoka. Siku nyingine halikuondoka, nikafanya kazi nalo. Kuna kipindi lilipita juma zima bila kuja. Nilimwambia mke wangu hayo Jumapili moja, yeye anachambua mchele, na mkono wake ukasimama juu ya ungo.

Kisha, asubuhi ya siku ya kazi, nikamwona anakuja mtaani kwetu, mtoto mkononi na furushi kichwani. Hakulishusha kibarazani. Aliingia nalo ndani, akaliweka juu ya kitanda. Mama wa chumba cha kona alichungulia, akaanza kusema jambo, akaghairi.

Mtoto alitoka uani kucheza. Nilimfuata mke wangu ndani, pasi bado mkononi. Akakaa karibu na furushi lake bila kulifungua.

"Shangazi hajui nilichokuja kuuliza," akasema. "Anajua nimekuja tu."

"Uliza."

"Bado?"

Nilijua ni nini. Nikageuza pasi nikaisimamisha sakafuni.

"Sikiliza kwanza," akasema. "Sikuombi uwe mkweli. Ukweli wako nimeushiba. Nakuomba useme hapana, nifungue furushi hili, nipike. Ukishasema hapana sitakuuliza tena mpaka tunakufa."

Naapa nililitaka neno hilo. Lilikuwa dogo, na karibu lingekuwa la kweli. Ningelisema, huenda lingejikamilisha lenyewe baadaye, kama deni analolipa mtu taratibu. Wapo wanaume wengi wameishi vizuri kwa uongo mdogo kuliko huo, na wake zao wakaishi vizuri pia. Lakini nilikuwa nimemtesa mwanamke huyu miaka miwili nikitaka kujua kama yeye ni wa kweli. Sikuona ningempaje mimi mtu wa bandia.

"Mara chache," nikasema. "Asubuhi zaidi. Linakuja, naliacha, linapita."

"Kwangu?"

"Kwako siku hizi hapana. Kwako limekoma."

"Na kwa mtoto?"

Nje mtoto alikuwa anaimba wimbo wa kuruka kamba, maneno nusu yake kayakosea.

"Kwa mtoto, mara mojamoja."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeambiwa njia na anaikariri. Sikuona hasira. Uso wake ulikuwa umechoka sana, na kwa mara ya kwanza nilimwona akifanana na shangazi yake. "Basi," akasema. "Umeniambia."

Alipika hata hivyo. Alikuwa amekuja na unga, ule wa mahindi ya njano tuliouita yanga, ndio uliokuwa ukipatikana, na dagaa kwenye karatasi. Tulikula watatu kwenye mkeka. Mtoto alitueleza kuku mmoja wa shangazi ameiba sabuni akakimbia nayo, na mama yake akacheka kile kicheko chake kirefu, nami nikacheka, na kwa muda wa chakula kile sikuwa na swali lolote. Niliandika hivyo kwenye daftari na nathibitisha sasa.

Akaosha vyombo. Akaweka mwiko mahali pake. Akamvisha mtoto kandambili na kujitwika furushi ambalo fundo lake halikuguswa.

"Baba haji?" mtoto akauliza.

"Baba ana nguo za watu."

Ilikuwa kweli. Karani mmoja wa Posta alitaka mashati yake kabla ya jioni. Wakashuka kibarazani, nikasikia kandambili za mtoto zinavyopiga lami, kisha makelele ya mtaa yakazimeza. Nilikuwa nimerudi mezani kwangu, nimeupa mtaa mgongo, shati limetandazwa mbele yangu, pasi mkononi. Nilitaka kugeuka. Sikujua kama nataka kuwaona au nataka kuwahakikisha, na kwa kuwa sikujua, sikugeuka.